Mpe Mlezi Neno Pamoja na Mtoto

Somo letu la leo linaanzia mlangoni. Si mlango wa nyumba yako, bali mlango wa mahali unapomwacha mtoto asubuhi ukienda shamba. Pengine ni kituo cha kulelea watoto cha kijiji. Pengine ni kwa bibi yake, au kwa jirani, au ni kwa binti wa ndugu uliyemleta akusaidie. Wote hao leo tutawaita walezi. Kila siku mnakutana mlangoni mara mbili, asubuhi na jioni. Je, mnasemezana nini?

Wengi wetu tunasalimiana tu. "Hujambo mama?" "Sijambo. Mtoto huyo." "Haya, kazi njema." Basi. Jembe begani, safari.

Sasa tusome habari ya kijiji kimoja. Kijiji hatutakitaja, wala watu wake, maana ni wenzetu na wamekwisha kujuta vya kutosha.

HOMA ILIYOGAWANYWA VIPANDE VINNE

Ilikuwa wakati wa palizi. Mtoto wa kiume wa miaka miwili na nusu alipata joto usiku. Mama yake hakulala. Saa 11 alfajiri akampa parasetamoli ya maji. Ile ni dawa ya kushusha homa. Kulipopambazuka joto limeshuka, mtoto anacheza na kuku. Mama akafurahi. Akamwambia dada yake mtoto, anayesoma darasa la tano, "Mpeleke mdogo wako kituoni, mimi nawahi shamba." Dada akampeleka, akamwacha getini, akakimbia maana kengele ya shule imelia.

Saa 5 asubuhi mlezi akaona mtoto amejikunja pembeni. Akamgusa, ana joto. Mlezi yule alikuwa na watoto 26 na msaidizi mmoja, na uji uko motoni. Akafikiri homa imeanza sasa hivi. Akachukua parasetamoli kwenye sanduku la dawa, akampa. Joto likashuka kidogo.

Saa 7 mchana bibi akaja kumchukua mjukuu. Mlezi alikuwa anaosha vikombe. Akasema, "Bibi, mtoto kachoka leo." Bibi akambeba. Njiani akaona anachemka. Kufika nyumbani akaiona chupa ya dawa dirishani, naye akampa.

Saa 10 alasiri mama akarudi. "Bibi, mtoto vipi?" "Ana joto kidogo." Mama akachukua chupa ile ile, akampa tena.

Jioni ile mtoto akashikwa na degedege. Walimkimbiza zahanati kwa pikipiki. Mganga aliuliza maswali ambayo kila mganga huuliza. Homa imeanza lini? Amepewa dawa gani? Saa ngapi? Amekunywa maji leo? Amekojoa? Mama akajibu lake. Bibi akajibu lake. Ilibidi mtu arudi kwa pikipiki kumwamsha mlezi, ndipo ikajulikana kwamba mtoto alipewa dawa mara nne, kuanzia alfajiri hadi alasiri. Na ikajulikana pia kwamba tangu usiku uliopita hajala kitu, ila uji vijiko viwili. Kipimo kikaonyesha malaria. Akachomwa sindano, akapelekwa hospitali. Alipona, lakini alikaa huko siku kadhaa, na palizi ikaharibika.

Tuitazame vizuri habari hii. Nani alikuwa mzembe? Sisi tunaona hakuna. Mama alikesha. Mlezi alimwona mtoto kati ya watoto 26. Bibi alimbeba mgongoni kwenye jua. Kila mmoja alifanya jambo ambalo peke yake lingekuwa sawa. Lakini kila mmoja alikuwa na kipande chake cha homa. Kwa mama ilikuwa homa ya usiku iliyokwisha. Kwa mlezi ilikuwa homa ya saa 5. Kwa bibi ilikuwa ya saa 7. Hakuna aliyejua kwamba homa ni ile ile moja, ya usiku kucha na mchana kutwa. Kama vipande vile vingeunganishwa saa 5 asubuhi, mtoto angepimwa saa 6, si usiku.

Na dawa yenyewe ina hatari yake. Parasetamoli haiui vijidudu vya malaria. Inashusha joto tu, na joto likishuka tunadanganyika. Tena ikizidi huumiza ini. Mtoto asipewe zaidi ya mara nne kwa siku nzima, yaani mchana na usiku pamoja. Walimu wa afya hutuambia tupitishe masaa sita ndipo tumpe tena. Mtoto yule alipewa ya tatu masaa mawili tu baada ya ya pili.

MAANA YA 1 x 3

Umepewa dawa zahanati. Juu ya bahasha mtoa dawa ameandika 1 x 3. Maana yake ni moja mara tatu: kidonge kimoja, mara tatu kwa siku. Hiyo tunaijua wote tuliopita kisomoni.

Lakini ni mara tatu za nani? Hapa ndipo tunapokosea. Ni mara tatu za mtoto. Si mara tatu za mama, na bibi naye mara tatu zake, na mlezi zake. Mlezi akitoa ya mchana, nyumbani zimebaki mbili. Bibi akitoa ya jioni, imebaki moja au hakuna. Kwa hiyo kila anayetoa dawa lazima ajue mwenzake ametoa ngapi. Ndiyo sababu tunasema dawa na neno viende pamoja. Ukimpa mlezi bahasha bila neno, umempa nusu ya dawa.

SAA NANE NA MASAA MANANE

Jambo hili lilimpata mwenzetu mmoja hapa hapa anakofanya kazi ya kuandika ukurasa huu. Kwa hiyo hatumcheki mtu.

Mtoto wake alikutwa na malaria, akapewa dawa ya mseto. Dawa hiyo hunywewa siku tatu. Kuna dozi sita kwa jumla. Ya kwanza alipewa pale pale zahanati, saa 4 asubuhi. Mtoa dawa akasema, "Ya pili mpe baada ya saa nane. Halafu kesho asubuhi na jioni, na kesho kutwa asubuhi na jioni." Mwenzetu akamwachia mtoto bibi yake, akamwambia, "Mama, ya pili ni saa nane."

Bibi akatii. Ilipofika saa 8 mchana akampa.

Umeona kosa? Toka saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana ni masaa manne tu. Hesabu kwa vidole: saa 5, saa 6, saa 7, saa 8. Vidole vinne. Mtoa dawa alitaka vidole vinane. Endelea: saa 9, saa 10, saa 11, saa 12. Kumbe dozi ya pili ilikuwa ya saa 12 jioni!

Walimu wa Kiswahili sanifu watatukemea tukisema "masaa manane". Hutuambia "saa" haibadiliki. Leo watusamehe. Mtoto akiwa mgonjwa ni heri ukosee sarufi. Au fanya hivi, ni bora zaidi: usimwambie mlezi hesabu, mwambie jibu. Usiseme "baada ya masaa manane". Sema "leo saa 12 jioni, jua likizama." Hesabu uifanye wewe ukiwa zahanati, mbele ya mtoa dawa, akuambie kama ni sawa.

Kuna na mtego wa simu. Simu nyingi huhesabu saa kwa njia nyingine. Ikiandika 14:00 ni saa 8 mchana. Ikiandika 18:00 ni saa 12 jioni. Namna ya kugeuza saa hizi ni kutoa 6: 14 toa 6 ni 8, 18 toa 6 ni 12. Kama mlezi anatumia simu na wewe unatumia jua, kubalianeni kwanza mnasema saa ipi.

Na dawa ya mseto hufanya kazi vizuri zaidi mtoto akiwa amekula, hata uji au maziwa. Hilo nalo ni neno la kumpa mlezi. Na mtoto akitapika kabla saa moja haijapita tangu anywe, dawa imepotea. Lazima arudiwe. Lakini kama mlezi hakukuambia kwamba alitapika, utajuaje? Utafikiri amemaliza dozi, kumbe bado.

NENO LA ASUBUHI

Mzazi anayemfikisha mtoto asubuhi amwambie mlezi mambo machache. Usiku amelalaje. Amekula nini kabla ya kuja. Kama ana joto, anakohoa au anaharisha, na tangu lini. Dawa gani amepewa na saa ngapi. Wewe leo utakuwa wapi, maana "shamba" ni neno kubwa: ni shamba la bondeni au la ng'ambo ya mto? Na nani atakuja kumchukua.

Hili la mwisho tulitilie mkazo. Mtoto asichukuliwe na mtu ambaye mzazi hakumtaja, hata kama ni mjomba anayejulikana, hata kama amekuja na pipi. Mlezi akikataa kumtoa mtoto, usimnunie. Amefanya kazi yake.

Kama ni baba anayempeleka mtoto kwa baiskeli, baba naye apewe neno kabla hajaondoka nyumbani. Tumewaona akina baba mlangoni wanaulizwa "Mtoto amekula?" wanajibu "Hayo anajua mama yake." Baba, wewe ndiye uliyefika. Jibu unalo wewe.

Na mtoto wa darasa la tano je? Anaweza kumbeba mdogo wake, ndiyo. Lakini usimbebeshe habari ya dawa kichwani mwake wakati anawaza kengele ya shule. Mpe karatasi aishike mkononi. Wewe unajua kuandika sasa.

Kwa mtoto mgeni kituoni kuna neno moja zaidi, nalo husahauliwa sana. Mtoto wa miaka miwili au mitatu anasema lugha ya nyumbani. Mlezi anaweza kuwa ametoka wilaya nyingine. Mtoto wa Kisukuma analia anasema "minzi, minzi", mlezi hajui kwamba anaomba maji. Basi mfundishe mlezi maneno matatu au manne ya mtoto wako: la maji, la haja ndogo, la haja kubwa, na lile analosema akiumwa tumbo. Kila mtoto ana maneno yake. Wengine wanasema kwa mkono tu.

Pia kuna mambo ya kusema mara moja, siku ya kuandikisha. Mtoto ana selimundu? Basi mlezi lazima ajue kwamba huyu anywe maji mara nyingi, asikae kwenye baridi, na akipata homa hata kidogo apelekwe kwa mganga siku ile ile. Mtoto ana kifafa? Mtoto akila karanga au samaki anavimba? Usione haya. Ugonjwa wa mtoto si fedheha yako. Ukiuficha kwa mlezi, unamwacha mtoto peke yake katikati ya watu.

NENO LA JIONI

Jioni zamu ya kusema ni ya mlezi. Amekula kiasi gani, amelala, amekojoa, ameharisha mara ngapi, ameanguka wapi.

Tazama tofauti. Mlezi mmoja anasema, "Tumbo halikuwa zuri." Mwingine anasema, "Ameharisha mara nne tangu saa 3, choo cha majimaji, hakuna damu. Nimempa maji ya chumvichumvi na sukari ya pakiti kila alipoharisha. Pakiti nimeichanganya saa 4 kwenye lita moja. Iliyobaki ni hii." Kwa maneno ya huyu wa pili mama anajua aendelee kutoka wapi. Anajua pia kwamba maji yale yaliyochanganywa saa 4 asubuhi, kesho saa 4 lazima yamwagwe, hayakai zaidi ya siku moja. Na kama mtoto amepewa vidonge vya zinki, anavinywa kwa siku 10 mfululizo hata kuhara kukikoma. Basi waulizane: leo cha zinki kimetolewa nyumbani au kituoni?

Neno gumu kuliko yote ni la mtoto kuumia. Walezi wengi ni wasichana wadogo, na wanawaogopa wazazi. Mtoto anaanguka, kichwa kinavimba, mlezi anamfunga kitambaa na kunyamaza. Sisi tungependa aseme hivi:

"Mama, leo mtoto ameanguka saa 3 pale kwenye ngazi. Amevimba hapa. Hakuzimia wala hakutapika. Alilia, kisha akacheza. Usiku huu mwangalie. Akitapika tapika, au akilala usingizi usioamshika, au akishindwa kutembea kama kawaida yake, mpeleke kwa mganga usiku huo huo."

Na mama ajibuje? Akisema, "Na wewe ulikuwa wapi? Tunakulipa ukalale?" basi amejifungia mlango. Kesho mtoto akianguka tena mlezi ataficha, na siku hiyo huenda ni anguko baya. Mama aseme, "Asante kwa kuniambia. Ilikuwaje?" Kisha asikilize mpaka mwisho.

Lakini tusieleweke vibaya. Hatusemi mzazi awe bubu. Mtoto akianguka kwenye ngazi ile ile mara tatu, peleka habari kwa kamati ya kituo, ngazi itengenezwe. Na kama mtoto ana alama za kipigo, au anaumia sehemu za siri, au anapiga kelele za hofu akimwona mtu fulani, hilo si jambo la kumalizana mlangoni. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji na afisa ustawi wa jamii, au polisi. Hapa Tanzania ipo na namba ya simu ya kusaidia watoto, 116, inapigwa bure. Sheria inamlinda mtoto akiwa kituoni kama anavyolindwa akiwa kwako. Tangu mwaka 1981 nchi yetu ilikuwa na sheria ya vituo vya kulelea watoto mchana. Mwaka 2009 ilitungwa Sheria ya Mtoto, na vituo vikaingizwa humo. Kituo hakiendeshwi gizani. Lazima kiandikishwe, na wazazi mna haki ya kuuliza.

DENI LA MAHINDI

Sasa tuguse jambo ambalo watu hawapendi liandikwe.

Vituo vingi vya vijijini vinaendeshwa kwa michango. Mzazi anatoa debe la mahindi ya uji, kuni, sukari, na pesa kidogo ya mlezi. Mwezi wa pili na wa tatu, kabla ya mavuno, ghala zimekauka. Mzazi ana deni. Afanyeje? Anapita njia ya nyuma. Anamsukuma mtoto getini na kupotelea migombani. Tumeyaona haya kwa macho yetu, na baadhi yetu tumeyafanya.

Mlezi naye anapaza sauti, "Mama! Mama, njoo kidogo!" Alitaka kusema mtoto ana upele. Lakini mama kasikia "deni", ndio kwanza anaongeza mwendo. Upele unaenea kwa watoto wengine kumi, na hapo ugomvi unakuwa wa kijiji kizima.

Ushauri wetu ni huu. Mlezi asiwe mdai. Kazi ya kudai iwe ya mwekahazina wa kamati, na ifanyike mkutanoni au nyumbani kwa mtu, kamwe si mlangoni mbele ya mtoto. Mlangoni pasemwe habari za mtoto tu. Na wewe mwenye deni, simama usikilize. Debe la mahindi litalipwa mwezi wa sita. Upele hausubiri mwezi wa sita.

Na mlezi apewe heshima yake. Yule si "binti wa kukoroga uji". Kwa masaa matano au sita kila siku yeye ndiye macho ya mama. Msalimu kwa jina lake, au mwite mwalimu kama watoto wanavyomwita.

BIBI NAYE NI MLEZI

Watoto wengi wa vijijini hawaendi kituo chochote. Wanabaki na bibi. Hapa mazungumzo ni magumu zaidi, kwa sababu ya heshima. Bibi amelea watoto saba, nawe ni mmoja wao au umeolewa na mmoja wao. Ukimwuliza, "Mtoto amekula nini leo?" anaweza kusikia, "Wewe hukumlisha mwanangu." Basi ananyamaza siku tatu.

Tafuta njia. Kaa chini kwanza. "Shikamoo bibi. Pole na kutwa." Mpe maji au tumbaku yake. "Huyu mume wako leo hakukusumbua? Uji alikubali?" Hapo bibi atakueleza yote, hata usiyouliza. Atakuambia alikunywa uji nusu kikombe, akalala, akaamka analia, masikio anayashika. Kumbe masikio yanamwuma! Hukuuliza habari ya masikio, lakini umeipata.

Na bibi asiyejua kusoma anawezaje kukumbuka dawa? Mpe kokoto. Asubuhi weka kokoto tatu kwenye kikombe. Kila akitoa dawa, anatoa kokoto moja nje. Jioni unahesabu zilizobaki, wala huna haja ya kumwuliza kama umemkagua.

DAFTARI LA MTOTO

Tumefika kwenye sehemu ya kuandika. Nunua daftari dogo la kurasa 48. Andika jina la mtoto juu. Daftari hili linakwenda na mtoto na kurudi naye, pamoja na kikombe chake. Kadi ya kliniki usiifanye daftari. Kadi ni ya wauguzi kuandika uzito na chanjo.

Tuseme mtoto anaitwa Juma. Mama anaandika:

Jumatatu asubuhi. Juma alikuwa na joto usiku. Nimempa parasetamoli saa 11 alfajiri. Uji hakula. Niko shamba la bondeni. Bibi atamchukua. Mama Juma.

Na mlezi anaandika chini yake:

Jumatatu. Joto limerudi saa 5. Dawa sijampa. Amekunywa maji vikombe 2. Nimemtuma kijana bondeni akuite umpeleke akapimwe. Mlezi.

Soma tena maneno hayo. Ndiyo yale yaliyokosekana katika kile kijiji. Hayafiki hata mistari kumi. Na hayana sifa, hayana lawama, hayana "hali si nzuri". Yana saa, yana idadi, yana jina la dawa.

Usiogope makosa ya kuandika. Ukiandika "amearisha" badala ya "ameharisha", mlezi ataelewa. Ukisahau kuandika saa, hapo ndipo hataelewa.

Simu nayo inasaidia, hatukatai. Lakini simu huishiwa moto, na bondeni hakuna mtandao. Tena kuna wazazi wanaotumiana ujumbe wa kikundi, watu thelathini kwa pamoja. Humo ndani usiandike ugonjwa wa mtoto wa mtu. Kama mtoto anatumia dawa za kila siku, hiyo ni habari ya mzazi na mlezi, si ya watu thelathini. Mlezi anayetangaza siri moja hataambiwa ya pili.

Kuna siku daftari halisubiriwi wala mzazi hasubiriwi. Mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila anachopewa, akishikwa na degedege, au akilegea hata haamshiki, mlezi ampeleke zahanati mara moja na habari imfuate mzazi nyuma. Mwenye degedege alazwe ubavu, asitiwe kijiko wala dawa mdomoni. Kwa hiyo mkubaliane leo, mtoto akiwa mzima: nani atambeba, kwa pikipiki ya nani, kadi ya kliniki iko wapi, na namba ya nani ipigwe kwanza. Namba hiyo iandikwe ndani ya jalada la daftari.

ZOEZI

Fanya zoezi hili na mwenzako kisomoni, mmoja awe mzazi na mmoja awe mlezi. Mtoto amepewa dawa ya mseto zahanati saa 3 asubuhi, na mtoa dawa amesema ya pili inywewe baada ya saa nane. Mzazi atakuwa mnadani hadi usiku. Mzazi aandike kwenye daftari maneno ya kumwachia mlezi. Kisha mlezi asome kwa sauti na aseme dawa ataitoa saa ngapi. Kama amesema saa 11 jioni, badilishaneni nafasi mfanye tena kwa saa nyingine. Kama amesema saa 8 mchana, rudini mkahesabu kwa vidole.